Sufuria ya karatasi: kumfundisha mtoto kitu kimetengenezwa kwa kitu gani, na kwa nini

Mwaka wangu wa kwanza darasa la awali niliinua glasi mbele ya watoto nikauliza, "Hii imetengenezwa kwa nini?" Mtoto wa mbele akajibu upesi, "Ili tunywee maji, Mwalimu." Nikamwambia hapana. Akajaribu tena: "Ili tunywee juisi." Darasa likacheka, mimi nikanuna, na ilinichukua mpaka jioni kung'amua kwamba mtoto alijibu sawasawa swali nililomuuliza. "Kwa nini" yetu ina maana mbili, na mimi nilikuwa nataka ile nyingine.

Huu ni mwaka wa 19 nafundisha watoto wa miaka mitano hapa Muheza, mkoani Tanga, na maana hizo mbili ndizo zimekuwa somo langu. Swali la kwanza: hiki kimetengenezwa kwa kitu gani? La pili: mbona kitu hicho, na si kingine? La kwanza mtoto hulijibu kwa vidole. La pili ndilo linalomfanya akae kimya, akune kichwa, kisha aseme jambo ambalo hukulitegemea. Watu wengi huishia la kwanza. Huandika ubaoni MBAO, CHUMA, KIOO, PLASTIKI, watoto wakaimba kwa sauti nzuri, kengele ikalia. Nimefanya hivyo sana, na najua kinachobaki kichwani baada ya wiki: wimbo.

Kuna mtego mwingine wa lugha unaopaswa kuujua kabla hujaingia darasani. Glasi kwetu ni chombo, hata kikiwa cha plastiki. Kioo ni kile cha dirishani na ni kile cha kujitazamia, na aliyekanyaga kipande cha kioo tunasema kakatwa na chupa. Mpira ni kitu cha kuchezea, na ni kile kitu kinachovutika, na ni bomba la kumwagilia bustani. Basi ukishika mpira wa chandimu, ule wa mifuko na matambara yaliyosokotwa yakafungwa kamba, ukauliza "huu ni wa nini?", mtoto atakwambia ni wa mpira, na hatakuwa amekosea sana. Usimsahihishe. Mpe mpira wa chandimu mkono mmoja na kipande cha tyubu ya baiskeli mkono wa pili, umwambie avute. Atagundua mwenyewe kuwa huu mpira hauna mpira.

Kapu

Usinunue kitu. Kuna masanduku ya vifaa yanayouzwa mjini, nimeyaona, mazuri, lakini watoto wangu wangeyaogopa. Mimi nina kapu la ukindu lenye mwiko, vijiko, kata ya kifuu, khanga iliyochakaa, gazeti, kigae cha chungu, kipande cha mkeka, ndala iliyokatika, jiwe la mtoni, kopo la maziwa ya unga, kopo la soda, vizibo, sifongo iliyotoka kwenye godoro, kamba ya mkonge, makumbi ya nazi na mshumaa. Kwa kioo natumia gololi, kwa sababu vipande vya kioo haviingii darasani kwangu hata kwa dakika moja. Na kwa gereji ya jirani nilipata gololi za chuma zilizotoka kwenye beringi, saizi ileile. Ukiwa na watoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani, gololi zote ziweke mbali; huingia kooni.

Jambo moja kuhusu kapu ni la lazima. Viwepo vitu vya jina moja vyenye asili tofauti: kijiko cha chuma, cha plastiki, cha mti. Na viwepo vitu vya majina tofauti vyenye asili moja: ndala, kifutio na kipande cha tairi. Bila hivyo mtoto hawezi kutenganisha kitu na kile kilichokifanya, maana hajawahi kuviona vimeachana.

Ukitaka watoto walete vitu kutoka nyumbani, sema kwa uangalifu. Mara ya kwanza nilisema tu, "Kesho kila mtu alete kitu." Mmoja alileta simu ya baba yake. Mwingine alileta mwiko, na saa nne mama yake akasimama mlangoni: "Shikamoo Mwalimu. Samahani, nimefuata mwiko wangu, maji yamechemka." Siku hizi nasema kitu kilichovunjika au kilichotupwa, na ninawaandikia wazazi.

Mwaka huu nina watoto 64. Nawagawa wanane wanane, kila kundi na ungo wake, na ndani ya ungo vitu sita tu. Vikizidi sita, watoto huanza kuvitupiana.

Mikono kabla ya macho

Shona mfuko kwa kitenge kizee, mdomo uwe mwembamba wa kupita mkono mmoja. Tia kitu kimoja bila watoto kuona. Mtoto anatia mkono, anaelezea, lakini ni marufuku kutaja jina. Wenzake ndio wanakisia.

Siku moja niliweka jiwe la mtoni, limeviringika kama yai. Mtoto akatia mkono.

"Laini," akasema.

Wenzake wakasema sifongo. Wakasema pamba. Jiwe lilipotoka, jirani yake akaruka: "Muongo! Gumu hilo!" Wakaanza kuvutana mashati. Na wote wawili walikuwa sahihi, kwa kuwa "laini" yetu inabeba kisicho na mikwaruzo na inabeba pia kinachobonyea. Tangu siku hiyo nimeacha kuhangaika na sifa, nimehamia kwenye vitenzi. Kinabonyea? Kinateleza? Kinakwaruza? Kinapinda? Kinavutika? Ukikiachia, kinarudi kilivyokuwa? Kiswahili kina vitenzi kwa magunia, na mtoto akijibu kwa kitenzi huwa amekwisha kukifanya kile kitendo. Hawezi kusema kinapinda kabla hajajaribu kukipinda. Jiwe halibonyei, linateleza. Sifongo inabonyea, inarudi. Udongo mbichi unabonyea, haurudi. Kwa mtoto wa miaka mitano hiyo ni sayansi ya kutosha wiki nzima.

Maji, kijiko kimoja kimoja

Panga chini khanga, gazeti, mfuko, kipande cha mkeka na sifongo. Kabla ya maji, watoto waamue: wanaosema maji yatapita wasimame upande wa dirisha, wanaosema hayatapita wasimame upande wa mlango. Usiruke hatua hii. Mtoto aliyekwisha kusimama upande wake hutazama maji kwa macho mengine. Kisha mimina kijiko kimoja cha maji juu ya kila kitu, hesabuni wote mpaka kumi, inua, tazameni chini yake.

Ukipata khanga mpya, ambayo haijafuliwa, weka pembeni ya ile iliyochakaa. Ile mpya ina wanga wa kiwandani, maji hukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Ile kuukuu huyanywa papo hapo. Watoto wanaobebwa mgongoni hawakuwahi kuambiwa jambo hili, lakini mama zao wanalijua: khanga ya kumfutia mtoto ni ile iliyofuliwa mara nyingi.

Halafu chukua gazeti, sugua nusu yake kwa mshumaa, sugua hasa, mpaka ling'ae. Dondosha maji pande zote mbili. Upande mmoja yanasambaa, upande wa nta yanasimama kama shanga. Karatasi ni ileile. Hapa huwa nanyamaza, nawaacha wapige kelele.

Beseni

Kuelea na kuzama wanakupenda kuliko yote, na ndiko nilikowahi kuaibika. Muheza ni kwa machungwa, kwa hiyo nilitaka kuwaonyesha kuwa chungwa zima huelea na lililomenywa huzama, ingawa limekuwa jepesi zaidi. Maganda yana vitundu vingi vya hewa, yanalibeba chungwa kama jaketi la kuogelea. Asubuhi nikapita kwa muuza machungwa barabarani, nikanunua matatu yaliyokwisha kumenywa. Nikayatia kwenye beseni mbele ya darasa zima na mgeni wa ukaguzi. Yakaelea yote.

Muuza machungwa humenya kwa kisu, huondoa ule wembamba wa juu tu, wa kijani au wa njano, na chungwa linabaki na koti lake jeupe. Hewa imo kwenye koti hilo. Ili lizame, limenye kwa vidole mpaka uone nyama yenyewe, ukwangue weupe wote. Siku hiyo sikulijua hilo. Mgeni akaandika alichoandika.

Kizibo cha soda kinafundisha vizuri kuliko chungwa. Kiweke taratibu, mdomo juu, kinaelea. Kiinamishe maji yaingie, kinazama. Bati lilelile, kizibo kilekile. Kisha wape udongo wa mfinyanzi: tonge linazama, tonge hilohilo likifinyangwa kuwa kikombe linaelea, likiwa na kuta nyembamba. Wape muda, wengine hufinyanga mara nne kabla halijakaa.

Watoto wakishaamini kwamba "mti huelea", nawaletea kipande cha fimbo ya mpingo. Kinakwenda chini moja kwa moja kama jiwe. Mpingo ni mzito kuliko maji. Mtoto mmoja alikataa kabisa kuwa ni mti. Alisema ni chuma kilichopakwa rangi. Basi tukatafuta njia ya kumjibu, na njia ilikuwa sumaku.

Sumaku

Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzuri, duara kubwa lenye tundu. Mwombe fundi redio, atakupa bure. Sitaki zile sumaku ndogo za kung'aa zinazouzwa kama vitu vya kuchezea: mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya utumbo na kumpeleka hospitali kwa upasuaji.

Mwanzo watoto hudhani kila kinachong'aa kitanaswa. Waache wadhani, kisha wape sufuria. Haishikwi, ni ya aluminiamu. Kopo la soda, haishikwi. Kopo la maziwa ya unga, pa! Kizibo cha soda, pa! Kijiko kimoja kikashikwa, pacha wake asishikwe. Vijiko visivyoshika kutu vina michanganyiko tofauti, vingine sumaku haivitaki. Nilipoulizwa kwa nini, nilisema ukweli, kwamba kwa kuvitazama siwezi kujua, mpaka nijaribu. Walifurahi sana kusikia hivyo.

Kipande cha mpingo hakikushikwa, kwa hiyo yule mtoto akakubali kwa shingo upande. Dakika mbili baadaye akarudi mbio: "Mwalimu, jiwe limeshikwa!" Nikafuata. Lilikuwa betri ya redio, ambayo nyumbani kwao bibi huita jiwe. Ganda lake ni chuma, lazima lishikwe. (Betri iliyovuja, yenye ungaunga, usiruhusu iguswe. Hii ilikuwa kavu.)

Joto

Somo hili halihitaji maandalizi kama shule yenu ina uji. Siku moja gawa uji ule mmoja katika kikombe cha bati, cha plastiki na kata ya kifuu, uwe wa vuguvugu tu. Waambie waguse nje, wasinywe kwanza. Wote wanajua tayari kuwa kikombe cha bati huunguza midomo. Hawajawahi kuulizwa kwa nini basi mpini wa kata ni mti. Mchana, jua likiwa kali, wasimame kwenye kivuli cha paa la bati, kisha cha banda la makuti, wakae kidogo kila mahali. Wenye bibi vijijini wataanza kusimulia bila kuulizwa. Mwingine atakumbuka kelele za mvua juu ya bati. Hilo nalo ni sifa ya bati, lipokee.

Sufuria ya karatasi

Sasa swali la pili. Nakaa nao chini ya mwembe, nasema kwa uso mkavu kabisa, "Nimekwenda sokoni nikanunua sufuria ya karatasi." Kimya. Kisha vilio. Itaungua! Italowa! Uji utamwagika! Kila sababu wanayotoa ni kitu walichokwisha kukishika wiki zilizopita, na mimi nabishana nao kama muuza duka. Ndala za chuma je? Nyundo ya sifongo? Mwavuli wa gazeti? Kwa huo wa mwisho, mtoto mmoja alisema unawezekana, lakini kwanza usuguliwe mshumaa. Nilimpa kipande cha chungwa.

Uwe tayari kushindwa. Niliwauliza mlango wa khanga, nikidhani wamekwisha. Msichana mdogo akasema, "Upo. Kwetu, chumbani kwa mama." Na kweli, pazia ni mlango wa upepo na wa heshima, hata kama si wa mwizi. Tukazungumza muda mrefu: mlango unazuia nini? Mbu? Macho? Mbuzi? Jibu linabadilika kulingana na unachotaka kizuiwe.

Wakubwa kidogo, wa darasa la kwanza na la pili, wape mfuko mbadala, hii mifuko tuliyoizoea tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Waulize ni kitambaa au la. Watasema kitambaa, una hata sura ya kitambaa. Wamwagie maji, wavute nyuzi, walinganishe na khanga. Kisha wewe mwenyewe, nje, watoto wakiwa mbali na upande usiopelekewa moshi, shika uzi mmoja wa pamba kwa koleo na uuchome, halafu kipande kidogo cha mfuko. Pamba inabaki majivu yanayopukutika. Mfuko unayeyuka na kujikunja kuwa kitone kigumu, kwa sababu nyingi ya mifuko hiyo ni plastiki iliyofanywa nyuzi.

Vinakotoka

Huku kwetu jibu la "kilitoka wapi?" liko kando ya barabara. Kata jani la mkonge, ondoa mwiba wa ncha kabla mtoto hajalisogelea, kisha wewe ulikwangue juu ya ubao kwa mgongo wa kisu. Majimaji yake yanawasha, wasiyashike. Nyama ya kijani ikiisha, zinabaki nyuzi ndefu nyeupe, zioshe, zianike. Kesho yake kila mtoto anapewa uzi mmoja aukate kwa mikono. Anaukata. Kisha wasokote nyuzi nyingi kuwa kamba, wavutane. Wale ambao babu zao walifanya kazi kwenye korona, mashine ya kukamua mkonge, huja kesho yake na hadithi. Huwa nawaambia wazazi, si watoto, kwamba mmea wenyewe ni mgeni hapa: Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta kutoka Florida mwaka 1893. Wazazi hushangaa kuliko watoto.

Udongo naumalizia, kwa kuwa unachafua. Kila mtoto anafinyanga vibakuli viwili vidogo. Vikauke kivulini siku kadhaa, juani vinapasuka. Kimoja kinabaki kibichi, kingine nakipeleka kwa mama mfinyanzi akichome pamoja na vyungu vyake. Siku vikirudi, vimebadilika rangi, na ukivigonga kwa ukucha vinalia. Tunatia vyote viwili kwenye beseni la maji, tunaviacha mpaka kesho.

Asubuhi kile kilichochomwa kipo kama kilivyo. Kile kibichi kimelala chini kama tope. Mwaka jana kuna mtoto alilia sana kwa bakuli lake, mpaka nikamwambia atie mkono. Akalikoroga lile tope, akalichota, akaanza kufinyanga upya palepale, mikono yote hadi viwiko. Hilo ndilo kilichochomwa hakiwezi. Kikianguka kikavunjika, basi ni kigae; kitie kwenye kapu baada ya kuzisugua kingo zake kwenye sakafu ya saruji, mwakani utakihitaji.